Siku Moja Kwenye Barabara ya 439, Bonde la Iya

Saa 11 alfajiri. Huamka kabla ya wageni wangu, kwa sababu baiskeli za kupanda mlima hazikaguliwi kwa haraka. Kazi yangu ni kuongoza waendesha baiskeli katika milima ya kisiwa cha Shikoku, Japani, na leo nina wageni wawili wanaotaka kupanda kutoka kijiji cha Ochiai hadi Minokoshi, chini ya kilele cha mlima Tsurugi, kisha kurudi kabla giza halijaingia. Nazipindua baiskeli chini juu, nazungusha magurudumu, napapasa tairi kwa kidole na kupima unene wa pedi za breki.

Saa 12:30 asubuhi. Bibi mwenye nyumba ya wageni ametuandalia wali, supu ya miso na samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi. Kama kawaida yake, ananiuliza ikiwa nimefunga kengele ya kuwafukuza dubu. Dubu wa Shikoku wamebaki wachache mno, na hao wachache wanaishi karibu na mlima huuhuu tunaoupanda. Sijawahi kumwona hata mmoja, lakini kengele naifunga, maana mtu wa umri wake akikuhimiza jambo hubishani naye.

Saa 1:30 asubuhi. Tunaondoka. Nyumba za Ochiai zimeng'ang'ania mteremko, na kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa kuna tofauti ya kimo ya mita 390 hivi. Kijiji hiki kimo katika hifadhi ya majengo ya kale tangu mwaka 2005. Barabara ya 439 huitwa Yosaku, kutokana na jinsi Wajapani wanavyoweza kuzisoma tarakimu zake. Ni barabara kuu ya taifa, ila cheo hicho kisikudanganye: sehemu nyingi ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hayapishani, na katikati ya lami huota kuvu la kijani ambapo matairi hayafiki. Hapa watu huendesha upande wa kushoto kama kwetu Tanga, lakini kwenye njia ya upana huo ushoto hausaidii kitu. Kwenye kila kona kuna kioo kilichobinuka cha kuonyesha gari linalokuja, na asubuhi kinakuwa kimefunikwa na umande, kwa hiyo nimewafundisha wageni kuacha kukanyaga pedali na kusikiliza kabla ya kuingia konani.

Saa 3:30 asubuhi. Tunafika Nagoro. Mara ya kwanza nilipopita hapa niliteremka na kumwamkia mzee aliyeketi kando ya barabara, kwani nimelelewa kutompita mtu mzima bila salamu. Hakuitika. Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi, nikasogea, ndipo nikaona kwamba macho yake ni vifungo vya shati na kwamba mkononi mwake, pale mshono ulipofumuka, limechungulia gazeti lililokunjwa. Sanamu hizi hutengenezwa na mama Ayano Tsukimi, aliyerudi kuishi kijijini kwao na kuanza na moja ya kulinda shamba, iliyofanana na baba yake. Leo ni nyingi kuliko wakazi, ambao hawafiki 30. Shule ya kijiji ilifungwa mwaka 2012, na madarasani wameketi wanafunzi wa nguo. Wageni wanapiga picha wakicheka, kisha kicheko kinakwisha chenyewe. Mimi bado huwaamkia wote, nikiogopa kumruka aliye hai.

Saa 5 asubuhi. Tunavuka madaraja mawili ya mimea ya kutambaa ya mwituni, moja la mume na jingine la mke. Simulizi za bonde zinayahusisha na watu wa ukoo wa Heike, waliokimbilia huku baada ya kushindwa vitani mwaka 1185.

Saa 7 mchana. Minokoshi, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tunakula tambi za soba zenye moto na kuvaa kila nguo tuliyobeba. Wageni wanadhani kazi imekwisha. Kwangu ndiyo inaanza, kwa kuwa majani ya vuli yaliyolowa huteleza kama maganda ya embe.

Saa 8:30 mchana. Pancha. Kijipande cha jiwe, chembamba kama kucha, kimepenya tairi la nyuma la mgeni mmoja. Nakichomoa kwa koleo, nabadilisha mpira wa ndani na kupiga pampu huku jua likihama kutoka upande wetu wa bonde. Dakika 20 zimepotea, na katika korongo hili kivuli hutangulia usiku kwa muda mrefu.

Saa 11 jioni. Vipaza sauti vya kijiji vinapiga wimbo wa kufunga siku tukiwa kona tatu kutoka nyumbani, taa zikiwa zimewashwa. Bibi amesimama mlangoni. Anatuhesabu kwa kidole, kisha anaingia ndani kuwasha jiko.

Saa 2 usiku. Pedi za nyuma za baiskeli yangu zimelika karibu kufikia chuma. Naziweka mpya, kwani kesho tunaelekea magharibi, kwenye kipito cha Kyobashira.