Geti Lilipomeza Tiketi

Tangu tunapanda treni stesheni ya King's Cross, London, sharti moja la mfuko wa chuo unaowalipia nauli wanafunzi wa kipato kidogo wanaokwenda kukitazama lilikuwa linanikaa rohoni: lipa mwenyewe, safiri, kisha tuma tiketi zilizotumika ndipo urudishiwe. Binti wa dada yangu, niliyekuwa nampeleka kwenye siku ya milango wazi ya chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza, anapata mlo wa bure shuleni. Kwa kipimo cha England cha mwaka 2018, hiyo ilikuwa nyumba inayoishi kwa Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kipato chake cha kazi hakizidi pauni 7,400 kwa mwaka baada ya makato. Nyumba ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa kutanguliza nauli.

Kadi yake ya treni ya 16-17 Saver ilimpunguzia nusu ya nauli. Mimi nililipa yote, maana mfuko haumhesabu mzazi wala mlezi. Viti vilibana magoti, chai ilikuwa ghali, nikaiacha.

Tulipofika, akaingiza tiketi kwenye geti la kutokea. Mlango ukafunguka, tiketi haikurudi.

"Mama mdogo, imeila!"

Mashine za kule hubaki na tiketi ya safari iliyokwisha. Hakuna aliyetuambia, na barua ya mfuko haikugusia. Binti aligeuka akaishika ile mashine kwa mikono miwili, abiria wanamsukuma kwa nyuma. Nikamwendea mhudumu, mzee mmoja mpole. Akasema ikishaingia haitoki. Nikamwonyesha barua kwenye simu. Aliisoma hadi mwisho, akaturudishia simu, akatuambia tusubiri watu wapungue.

Walipopungua akafungua ubavu wa mashine, akatoa kisanduku kilichojaa tiketi, akakimwaga mezani. Tukaanza kuzipekua sote watatu, kama watu wanaochagua mchele. Kila iliyoandikwa London tuliitazama mara mbili: hii ya mtu mzima, hii ya jana, hii haina punguzo. Mhadhara wa kwanza wa idara ya kemia ulianza na kwisha sisi tukiwa pale pale stesheni. Mzee ndiye aliyeipata. Akaichora mstari kwa kalamu isitumike tena, akampa binti mkononi, akamwambia aipige picha papo hapo, na ya kurudia pia. Mungu amzidishie.

Chuoni kwenyewe mambo yalikwenda haraka. Aliingia maabara, akamwuliza mwalimu maswali hadi foleni ikakatika, akaona mabweni. Chuo alichokuwa amekiweka wa nne kikapanda kikawa wa kwanza. Jambo hilo kitabu cha matangazo kisingelifanya.

Njiani kurudi nikawaza nyumbani. Mwanafunzi wa Bukoba anachagua chuo cha Dar es Salaam kwa kusoma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mimi nilichagua hivyo, na siku ya kwanza kuliona darasa ilikuwa siku ya kuanza masomo. Kwetu hakuna anayetegemea kupelekwa kutazama. Lakini Uingereza wanafunzi wenye uwezo wanaweza kutembelea vyuo vyote vitano wanavyojaza kwenye fomu ya UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu, wakiwa na wazazi wao garini. Ada ya fomu hiyo imefutwa kwa wanaopata mlo wa bure, kuanzia walioomba kuanza masomo 2025. Mkopo wa serikali unalipa karo, iliyokuwa pauni 9,535 kwa mwaka wa 2025/26. Nauli ya kwenda kukiona chuo ndiyo iliyoachwa mikononi mwa mama asiyekuwa nayo, tena mapema kabla ya hayo mengine yote.

Vipo vyuo vinavyomkatia mwanafunzi tiketi kabla hajaondoka nyumbani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Chuo cha pili alichokitaka binti yetu nacho kilikuwa cha kurudisha baadaye. Siku yake ya milango wazi ilikuwa Oktoba. Pesa za safari ya kwanza ziliingia Novemba.