Pijo 504: slivu ya tatu imekubali kukaa

Injini ya Pijo yangu imepanda mlima wa Mazeras ikiwa na abiria na mizigo bila kutema maji, na mshale wa joto haukuvuka katikati ya geji. Kwa mtu asiyejua yaliyotangulia hilo ni jambo dogo, lakini gari hili, ambalo ni wagon ya mwaka 1982 iliyounganishwa hapa hapa Mombasa, lilikuwa limeshindwa na kilima hicho tangu nilinunue, na ndiyo sababu kumbukumbu hizi zilinyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya sakafu niliyoichomelea na juu ya giaboksi ya gia tano. Sakafu imekamilika na haina la kusimulia, nayo giaboksi nitaigusia mwishoni. Leo ni habari ya slivu, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka.

Dalili zilikuwa zile zile ambazo kila mwenye injini ya XN1, aina iliyomo ndani ya gari hili, amewahi kuziona au ataziona. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, mpira wa juu wa redieta ulikakamaa muda mfupi baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata joto la kuweza kuzaa presha, na kifuniko kikiwa wazi ungeona viputo vidogo vikipanda mfululizo. Barabara tambarare haikuleta tabu yoyote. Nilipoanza kupanda kutoka Miritini, gesi ya silinda iliyasukuma maji nje, mshale ukaruka, na safari ikaishia pembezoni mwa barabara huku malori ya bandarini yakinipita kwa honi. Oili ilibaki safi muda wote huo, kwa hiyo gasketi za chini ya slivu zilikuwa zikishika. Uvujaji ulikuwa juu, na plagi ya silinda ya tatu, iliyotoka ikiwa nyeupe na safi kuliko wenzake, ilionyesha mahali penyewe. Nahesabu kutoka upande wa flaiwili, kama Peugeot wenyewe wanavyohesabu.

Katika gereji zetu nyingi injini inayotupa maji huhukumiwa kabla ya kusikilizwa: hedi, yaani kichwa cha injini kinachozifunika silinda kutoka juu, imepinda, ipelekwe ikachongwe. Hedi hii ilikuwa imekwisha kuchongwa kabla sijalinunua gari. Gereji iliyofanya kazi hiyo iliweka gasketi mpya, ikalirudisha gari kwa mwenyewe, naye akaliuza maji yalipoanza kutoka tena. Nilipompelekea fundi wa mashine, aliweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi kwa marefu, kwa mapana na kwa mshazari, akapitisha fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia mapengo, kila upande, kisha akanirudishia.

"Ndugu yangu, hedi hii imenyooka," alisema. "Nikiichonga tena nitakuwa nakula pesa zako tu, na mwishowe valvu zitakutana na pistoni."

Fundi anayekataa kazi ya kulipwa ni wa kutunzwa, na tangu siku hiyo simpelekei mwingine. Niliporudi nyumbani niliitazama upya gasketi iliyotoka, safari hii kwa kioo cha kukuzia. Kwenye ukingo wa chuma unaozunguka tundu la tatu, upande ambao ndio wa juu injini inapokuwa ndani ya gari, kulikuwa na mstari mweusi wa masizi uliokatiza kuelekea njia ya maji. Jambo lililonishtua halikuwa masizi yenyewe. Mahali hapo ukingo ulikuwa bado unang'aa kama ulivyotoka kiwandani, bila alama yoyote ya kubanwa, ilhali upande wa pili wa tundu lile lile ulikuwa umepondwa ukawa bapa. Hedi ilikuwa imeikalia slivu upande mmoja tu.

Wengi huikumbuka 504 kwa ushindi wa Ove Andersson katika Safari Rally ya mwaka 1975, au kwa ule wa Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 akiwa na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Mimi naiheshimu zaidi kwa sababu ya slivu zake. Kila slivu ni chuma kinachojitegemea, kimezungukwa na maji, kimesimama juu ya kikalio kilichochongwa chini ndani ya bloku na kubanwa kutoka juu na hedi. Silinda ikichakaa, huhitaji mashine ya kupanulia tundu. Unang'oa slivu na pistoni yake, unatia mpya, na kazi hiyo inaweza kufanyika Garissa au Lodwar sawasawa na Nairobi. Naamini hilo limeziweka gari hizi barabarani miaka mingi kuliko sifa nyingine yoyote inayotajwa. Hata hivyo muundo huo una sharti lake. Slivu ni lazima itokeze juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita moja, ili hedi iibane yenyewe kwanza, na slivu zilizo jirani zisipishane kimo. Ikizama, au ikikaa upande, hakuna gasketi duniani itakayoziba.

Kupima kimo hicho ndiko kulikonitoa jasho. Niliishusha injini yote, nikaitoa kranki na pistoni, nikabaki na bloku tupu juu ya meza ya chuma uani. Niliweka geji ya mshale juu ya uso wa bloku, nikasoma kimo cha slivu ya tatu. Niliposoma tena mahali pale pale, nilipata jibu jingine. Niliponunua geji hiyo niliambiwa ni ya kuaminika, na kwa muda niliitilia shaka yenyewe, nikaijaribu kwa majani ya fila geji na kuiona haina kosa. Tatizo lilikuwa kwamba slivu isiyobanwa huelea juu ya gasketi yake ya chini. Ukiigusa kwa kiganja inashuka, ukiondoa mkono inapanda. Kusukuma kwa dole gumba, kama wengi wanavyofanya, ni kujidanganya.

Kwa hiyo nilikata vipande viwili vya chuma bapa, nikavitoboa, na kuvifunga kwa bolti kwenye matundu ya bolti za hedi, huku vipande vya bomba vikiwa chini yake kama nguzo, hivi kwamba kila kipande kiliikandamiza slivu pande mbili kwa nguvu ninayoweza kuirudia. Tangu hapo geji iliacha kubadilisha maneno. Slivu ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa zimelingana vizuri. Ya tatu ilikuwa imelala: kati ya upande wake wa juu na wa chini palikuwa na tofauti ya mm 0.09, ambayo kwa macho haionekani kabisa, lakini kwa gasketi ni pengo kubwa.

Swali lililofuata lilikuwa kama kasoro iko kwenye slivu au kwenye kikalio chake. Hapa ndipo ninapoona fahari kidogo, kwa kuwa jibu lilipatikana bila kununua kitu. Niliizungusha slivu nusu mzunguko, nikaibana upya, nikapima. Iwapo slivu yenyewe ndiyo iliyochongwa vibaya, upande mrefu ungezunguka pamoja nayo. Haukuzunguka. Upande wa bloku uliokuwa juu ulibaki juu, na uliokuwa chini ulibaki chini, kwa hiyo slivu haikuwa na hatia na lililobaki ni kutazama chini yake.

Niliingiza tochi na kioo cha daktari wa meno. Kwenye kikalio, upande ambao huwa chini injini inapolala kwenye pembe yake ya nyuzi 45, palikuwa na gamba la rangi ya kijivu, jembamba na gumu, la aina ile inayoganda ndani ya birika la chai. Miaka ya kutiwa maji ya kisima badala ya kulanti iliacha chumvi na matope yatue mahali hapo, kwa kuwa ndiko kila kitu kinakoteremkia. Slivu tatu nyingine zilikuwa hazijawahi kuhamishwa, na chini yake chuma kilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa mpya kuliko wenzake: kuna mtu aliyeibadilisha zamani, akaiteremsha juu ya gamba bila kulikwangua, kisha kila gereji iliyofuata ikaisingizia hedi.

Nilianza kukwangua kwa kipande cha shaba, ambacho hakikuleta lolote. Patasi niliikataa, maana kikalio kikichubuliwa ndiyo mwisho wa bloku. Nilichofanya ni kuchukua slivu kuukuu iliyokwisha kazi, kuipaka pesti ya kusugulia valvu kwenye ukingo wake wa chini, kuiteremsha kwenye tundu la tatu na kuizungusha kwa mkono kwenda na kurudi, nikiinua kila baada ya muda ili pesti ijitandaze upya. Ni kazi ya polepole inayochosha viganja, na haina njia ya mkato. Baada ya kila awamu nilifuta kila kitu, nikapaka wino wa bluu kwenye ukingo wa slivu na kutazama alama inayoachwa. Mwanzoni bluu ilikaa kwenye mwezi mwembamba upande wa gamba tu. Mwezi huo ukapanuka, ukawa nusu duara, na hatimaye ukafunga duara zima bila kukatika. Bloku ikaoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji moto na sabuni, njia za oili zikapitishwa brashi na kupulizwa, kwa sababu chembe moja ya pesti kwenye beringi za kranki ingenirudisha hapa hapa kwa ugonjwa mwingine.

Kusugua huko kuliishusha slivu kidogo, jambo nililolitarajia, na hilo hurekebishwa kwa gasketi za chini, ambazo hutolewa kwa unene tofauti. Kupata unene niliouhitaji kulinipeleka hadi maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, ambako kijana mmoja aliniuliza kama kweli nataka gasketi za injini na si stika za matatu. Nilipobana na kupima upya, tofauti kati ya pande za slivu ya tatu ilikuwa mm 0.01, na kimo chake kilikuwa sawa na cha jirani zake.

Kuhusu spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia bolti, sasa nina msimamo usioyumba. Ile ya kubofya inayouzwa kwa bei rahisi niliilinganisha na ya zamani yenye mshale wa kupinda, na zikatofautiana kiasi cha kutisha kwenye uzito mdogo. Ya mshale haina kitu cha kuharibika ndani yake, nayo ndiyo iliyofunga hedi hii, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua. Matundu ya bolti niliyakausha kwa kitambaa na hewa kabla ya kufunga, maana oili iliyonaswa chini ya bolti hutoa kipimo cha uongo na inaweza hata kuipasua bloku. Injini ilipopata joto na kupoa kabisa, nilizilegeza bolti moja baada ya nyingine na kuzikaza tena kwa kipimo, kisha nikapanga valvu upya. Mpira wa juu wa redieta sasa hubaki laini asubuhi, na viputo vimekoma.

Hapo ndipo giaboksi ya gia tano, iliyotoka kwenye Peugeot 505 na ambayo ilikuwa kazi inayofuata, ilipoahirishwa, kwa sababu nilipokuwa nikirudisha pampu ya maji niliitazama feni kwa makini kwa mara ya kwanza. Peugeot waliipa 504 feni inayoshikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata joto, swichi hupeleka umeme kwenye koili iliyo ndani ya puli, sumaku huivuta feni, nayo huanza kuzunguka na injini, yakipoa, feni huachiliwa. Yangu ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwa bolti, kama zilivyo nyingi nilizoziona. Sisemi kwamba hilo ni dhambi katika joto la Mombasa, lakini feni isiyopumzika hula nguvu za injini na kupiga kelele, na mtambo wa busara namna hiyo haustahili kuuawa kwa bolti tatu.

Koili ilikuwa hai. Kilichokufa ni kaboni inayopeleka umeme kwenye pete ya puli, ambayo ilikuwa imelika hadi kwenye waya. Nilichukua kaboni ya drili ya umeme, nikaipunguza kwa tupa na kuimalizia kwa msasa hadi ikateleza ndani ya kishikio chake bila kukwama wala kucheza. Pengo kati ya feni na sumaku, ambalo halifiki nusu milimita, nililipanga kwa skrubu zake tatu na fila geji, nikizunguka kutoka moja hadi nyingine kwa sababu ukigusa moja mbili zinahama. Kwenye foleni ya Changamwe feni ilishika kwa mlio mmoja mkavu, "tak", nikausikia nikiwa nimeketi kwenye usukani. Kwenye Mazeras ilishika katikati ya mlima na kuachia tulipofika tambarare ya kuelekea Mariakani.

Lililobaki ni swichi ya joto, ambayo inaachia kama inavyotakiwa lakini inachelewa kushika, na kwenye foleni mshale hupanda zaidi ya ninavyopenda kabla ya mlio huo kusikika. Nimeichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto na kuthibitisha kwamba imezeeka. Nikipata nyingine nitaipima kwa njia hiyo hiyo kabla ya kuifunga, kisha nitakwenda Voi na kurudi, nikaze bolti za hedi mara ya mwisho, na ndipo giaboksi itatolewa stoo.