Nani amefika kwake?

Wiki hii nimekwama kwenye Yoshua 22, na sina haraka ya kusonga mbele. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase wamerudi makwao ng'ambo ya Yordani, na pale mtoni wakajenga madhabahu kubwa. Habari zikafika kwa Waisraeli wenzao, nao wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Hasira yao ilikuwa na msingi, maana sadaka zilikuwa na mahali pamoja tu pa kutolewa, na kujenga madhabahu nyingine kulinuka uasi. Hata hivyo, kabla upanga haujachomolewa, walituma watu kwenda kuuliza: wakuu kumi, na pamoja nao Finehasi mwana wa Eleazari.

Finehasi! Huyu ndiye yule wa Hesabu 25, aliyeingia hemani na mkuki akawaua wawili waliokuwa wakitenda dhambi, akamaliza shauri papo hapo. Hakuna ambaye angesema anaichekea dhambi. Huyo ndiye aliyetumwa akasikilize, na akasikiliza mpaka mwisho. Kumbe madhabahu ile haikuwa ya sadaka. Wale wa ng'ambo waliogopa kwamba siku moja watoto wao wataambiwa hawana sehemu katika Bwana, wakataka pawe na ushahidi. Habari za vita zikaishia hapo.

Lakini mstari wa 19 ndio umenishika. Kabla hata hawajajua ukweli, wajumbe waliwaambia: kama nchi yenu ni najisi, vukeni mje mkae kati yetu. Walikwenda kukemea huku wakiwa tayari kumega ardhi yao wenyewe. Siku hizi sijui ni wangapi tunakwenda hivyo.

Alhamisi kwenye jumuiya lilitajwa jina la mama mmoja ambaye hajaonekana tangu Pasaka. Mmoja akasema amehamia kwenye maombezi huko mjini. Mwingine akasema anapika pombe, binti yake huonekana alfajiri na ndoo. Maneno yakaanza kupanda. Mzee wetu wa kanisa akavua miwani, akauliza, "Nani kati yetu amefika kwake?" Wenye Biblia wakafunua kurasa. Mtoto mchanga alilia, na mama yake akashukuru kupata sababu ya kutoka nje.

Wengi hapa hukimbilia "Msihukumu" ya Mathayo 7 na kufunga mjadala. Mimi sikubali. Katika sura hiyohiyo, boriti ikishatoka jichoni mwako, kibanzi kilicho jichoni mwa ndugu nacho hutolewa, ila na mtu anayeona vema. Na katika Yohana 7:24 Bwana anaagiza hukumu iliyo ya haki, si ya macho tu. Kumwacha mtu apotee huku tukijiita wanyenyekevu si upendo. Unyenyekevu ninaouona kwa Finehasi ni wa miguu: ametembea, amefika, ameuliza, amekubali kuambiwa kwamba hakuelewa.

Basi Ijumaa kina mama wawili walikwenda. Pombe anapika kweli. Hakuficha wala hakujitetea sana. Maombezi hajawahi kwenda. Mama mkwe wake alipigwa na kiharusi, analala chumba cha mbele, na hakuna wa kumgeuza isipokuwa yeye. Ada ya binti inatoka kwenye ile ndoo. Aliwauliza swali moja tu: kwa nini hawakuja mapema?

Kwa hiyo suala la pombe bado lipo, na mzee hakulifunika. Amesema atalizungumza naye, wawili peke yao, kama Mathayo 18 inavyotaka. Tena amesema hawezi kumwambia aache bila sisi kuketi tuone ada italipwaje, na nani atashika zamu ya kukaa na bibi. Zamu yangu ni Jumanne. Na ibada ya Alhamisi ijayo imehamishiwa nyumbani kwake.