Bafu Moja kwa Bibi, Wajukuu na Sisi wa Katikati

Tulipoamua kulibomoa bafu letu na kulijenga upya, mama yangu, mwenye umri wa miaka 78 na anayeishi nasi, alitoa sharti moja tu: "Mwanangu, fanya utakavyo, ila usinijengee choo cha hospitali." Sharti hilo lilinisumbua kuliko bajeti, kwa sababu aliyehitaji msaada zaidi ndiye aliyekataa msaada huo uonekane.

Chanzo cha ukarabati wote kilikuwa chuma cha kutundikia taulo. Asubuhi moja Mama aliteleza kidogo akitoka kuoga, akakidaka, nacho kikang'oka pamoja na vipande vya ukuta. Hakuumia, lakini nilipoziokota skrubu zake mbili niliona kwamba hazikuzidi urefu wa pingili moja ya kidole changu. Tangu siku hiyo naamini kwamba chochote kilicho karibu na mkono bafuni siku moja kitashikwa, maana anayeanguka hana nafasi ya kuchagua cha kushika. Kwa hiyo vyuma vyetu vyote, hata vya taulo, sasa ni vya kujishikilia. Nilifuata vipimo vya Marekani, vinavyotaka chuma cha namna hiyo kihimili takribani kilo 113 na kiwe kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni. Kwa kuwa ukuta wetu ni wa jasi, fundi alipachika mbao nene nyuma yake kabla ya kubandika vigae, tena katika eneo kubwa kuliko tulilolihitaji, ili tukitaka kuongeza chuma baadaye tusilazimike kuvunja chochote. Tulichagua vyuma vyeusi, rangi ileile ya koki na ya fremu ya kioo, na mgeni akiingia haoni kifaa cha mgonjwa bali anaona mapambo yaliyopangwa.

Kuhusu sakafu, moyo wangu ulikuwa kwenye vigae vikubwa vinavyong'aa. Nilileta kigae kimoja nyumbani, nikakimwagia maji ya sabuni, nikakikanyaga peku, na mapenzi yakaisha papo hapo. Sehemu ya kuogea tuliweka vigae vidogo visivyong'aa, kwa kuwa ile mistari mingi kati ya kigae na kigae huupa unyayo mahali pa kung'ang'ania. Kizingiti tulikiondoa kabisa. Sakafu inashuka sentimita 2 hivi kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, mteremko ambao mguu hauuhisi lakini maji yanaufuata.

Jambo ambalo sikulitarajia ni rangi. Bafu la zamani lilikuwa jeupe juu hadi chini, nami nikidhani huo ndio usafi wenyewe. Kumbe lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyosonga, na kitu cheupe mbele ya ukuta mweupe humpotea mzee. Ndiyo maana Mama alikuwa akipapasa kwa mkono kabla ya kukaa. Ukuta wa nyuma ya choo sasa ni wa kijani kibichi kilichokolea, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayopendeza kuliko zote.

Maji ya moto yalitaka busara zaidi. Tangi hushauriwa liwe na nyuzi joto 60 hivi ili bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa ya mapafu, wasistawi, lakini maji ya joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto au ya mzee ni nyembamba zaidi. Shawa yetu ina koki inayochanganya maji yenyewe na kusimama kwenye nyuzi 38, na anayetaka zaidi ni lazima abonyeze kitufe kwanza.

Choo kina kimo cha sentimita 45, kinachomfaa Mama anapoinuka, huku mtoto wangu mdogo akiwekewa kigoda cha miguu. Mlango unafunguka kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mwili wake unaweza kuuzuia, na komeo linafunguliwa kutoka nje kwa sarafu. Kijana wangu wa miaka 15 bado analalamikia komeo hilo, nami simlaumu.

Kilibaki kiti cha mbao cha kukunja ukutani, chini ya shawa. Mama alikitazama siku ya kwanza, akasema hicho ni cha wazee, akaniachia mimi. Mimi hukikalia nikisugua visigino. Wiki iliyopita niliingia nikakikuta kimekunjuliwa na kimelowa, na aliyetoka kuoga muda huo alikuwa yeye. Nilikifuta, nikaendelea na yangu.