Nilivyookota msamiati wa Kifaransa vitabuni

Maneno mengi ya Kifaransa niliyo nayo sikuyakariri, niliyaokota nikisoma. Lakini kuokota kuna masharti, na la kwanza ni kitabu chenyewe. Kabla ya kuanza nafungua ukurasa wowote wa katikati, nahesabu maneno 100, naangalia mangapi siyajui. Yakiwa mawili, kitabu kinanifaa. Yakifika matano nakirudisha rafuni, maana giza likizidi hakuna cha kukisia nacho. Watafiti Hu na Nation, mwaka 2000, nao walikadiria hivyo: ujue kama 98 katika kila maneno 100.

Nasoma na penseli. Neno geni naliwekea nukta chini, nasonga mbele. Likirudi, nukta nyingine. Kamusi naifungua mara ya tatu, au pale neno linapofunga sentensi nzima. Ndiyo maana nasoma vitabu vitatu mfululizo vya mwandishi mmoja kuliko magazeti. Kila mwandishi ana maneno anayoyapenda, kwa hiyo yanarudi. La gazetini utaliona leo, kisha baada ya mwezi, umeshalisahau.

Chukua hocher la tête. Riwaya zimejaa watu wanaofanya hivyo. Kwanza nilikisia "kuitikia kwa kichwa", ikakubali. Kurasa chache mbele, mhusika anafanya vilevile huku anakataa! Kumbe ni kutikisa kichwa tu, kama kwetu, iwe kwa ndiyo au kwa hapana. Halijanitoka tena.

Kisio baya hasa ni lile lisilogongana na chochote. Sensible, kwa aliyesoma Kiingereza, inamjia kama "mwenye busara", na elle est très sensible inapita bila kelele. Maana yake ni mwepesi wa kuguswa moyo. Neno lolote linalofanana na la Kiingereza nalitafuta hapohapo, sisubiri nukta ya tatu.

Halafu vitenzi vya masimulizi. Il vit yaweza kuwa "anaishi", ila riwayani mara nyingi ni "aliona", kutoka voir. Il plut ni "ilinyesha" au "ilipendeza". Fut na eut si maneno mapya, ni être (kuwa) na avoir (kuwa na) zilizobadili nguo. Pitia jedwali la passé simple, yaani wakati uliopita wa masimulizi, nafsi ya tatu peke yake, kabla ya riwaya ya kwanza. Bila hivyo utajaza nukta kwenye maneno unayoyajua.

Daftarini naandika maneno yasiyozidi matano kwa siku, na kila nomino na un (ya kiume) au une (ya kike) yake. L'épaule na les épaules zinaficha jinsia, nawe utasoma "bega" mara ishirini usijue kama ni la kike. Ni sawa na kujua neno la Kiswahili bila ngeli: unalielewa vizuri, ukifungua mdomo unasema "kiti langu". Kwa hiyo chini ya kila neno nanakili sentensi niliyolikuta ndani yake, naisoma kwa sauti, siitafsiri.