Jumapili ya barafu Oberhof

Huu ni mwaka wa nne nauguza wagonjwa Erfurt, Ujerumani, na kila Januari nawaona wenzangu wa wodini wakibadilishana zamu ili wapate siku ya kwenda Oberhof. Safari hii mama mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa vijiji vya kule juu, alinikatia tiketi hata kabla hajaniuliza. Nikavaa suruali mbili na ushungi wa sufu, tukapanda msitu wa Thüringen hadi kwenye njia ya luji.

Luji ni neno la Kifaransa, halina undugu na theluji yetu. Ni mbio za kuserereka kwenye barafu ukiwa umelala chali juu ya sledi, kitanda kidogo chenye vyuma viwili vya kuteleza chini yake, miguu imetangulia. Mimi nimekulia Lushoto, na mtoto wa Usambara haelezwi kuserereka ni nini: gome la mgomba, mteremko wenye umande, na fimbo inakusubiri nyumbani kwa sababu gauni limechanika. Nilidhani mchezo wenyewe naujua.

Kwenye televisheni kamera humfuata mtu kutoka juu hadi chini. Ukisimama kwenye kona ni habari nyingine. Kwanza unasikia mngurumo kwa mbali, kama lori lenye mabati likija kwenye barabara ya makorongo. Unakua, unakua, ukingo ulioegemea unatetemeka, halafu fyuu! Ameshapita. Zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Unabaki unaikodolea macho barafu tupu.

Kwa hiyo ukienda, anzia juu, kwenye lango la kuondokea. Pale unamwona mtu. Binti mmoja alikuwa hatua kama kumi kutoka niliposimama. Alishika vishikio viwili vya pembeni, akajisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, mgongo ukipinda kama upinde, kisha akajivuta kwa nguvu zote. Hapo ndipo nilipoziona glavu zake: kwenye ncha za vidole kuna miiba midogo ya chuma. Aliikita kwenye barafu, kwaru, kwaru, kwaru, kisha akajilaza taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Breki hana, usukani hana. Sledi anaiongoza kwa kubana mashavu ya miguu kwenye ncha za mbele za vyuma, na kwa kukandamiza bega. Akijitikisa bila sababu, amepoteza muda.

Na muda wenyewe unapimwa hadi elfu ya sekunde. Mwenzangu alinisimulia Olimpiki ya Nagano, 1998: baada ya kuteremka mara nne, Silke Kraushaar, mzaliwa wa Sonneberg, mkoa huu huu, alimshinda Mjerumani mwenzake Barbara Niedernhuber kwa sehemu mbili kati ya elfu moja za sekunde. Alisimulia kana kwamba anasimulia harusi ya binti yake.

Moshi wa soseji ulitanda kila mahali. Mimi nguruwe sili, nikanunua lozi za sukari na kikombe cha juisi ya moto yenye mdalasini, ile ya watoto. Tamu kweli.

Kwenye mteremko wa pili binti mmoja alipinduka mbele yetu. Sledi ilimponyoka, yeye akaburuzika nyuma yake kwa mgongo. Kengele na tarumbeta zote zikanyamaza. Nikajikuta nahesabu kimoyomoyo, kama ninavyohesabu wodini nikiwa nimeshika mkono wa mgonjwa. Nilikuwa nimesoma habari za Nodar Kumaritashvili wa Georgia, kijana wa miaka 21 aliyefariki mazoezini Whistler, Kanada, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya 2010. Nilifika saba, binti akainua mkono. Nilipiga makofi mpaka glavu moja ikanivuka.

Mwisho zikaja mbio za timu. Anayefika chini hunyanyuka angali kwenye kasi, anapiga kibao kilichoning'inia juu ya njia, na kule mlimani lango linamfungukia mwenzake. Akikikosa kibao, timu nzima imetolewa. Kila mkono ulipoinuka, umati mzima ulikuwa unavuta pumzi pamoja, wazee kwa watoto, nami nimemshika mwenzangu begani bila kujijua.

Kwenye basi la kurudi nikamtumia mpwa wangu wa Lushoto video tatu. Akajibu: "Shangazi, mbona sioni mtu?" Nikamwambia atazame tena, polepole. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, namenya viazi, aliponirudishia picha moja aliyoikamata katikati ya video: nusu ya kofia ya njano, na ncha ya kiatu imenyooka kama kalamu. Chini yake ameandika: "Huyu hapa!"