Podi za kahawa zinakaa muda gani? Kabla hujatupa hilo boksi soma hapa kwanza

Ndugu zangu habari za siku nyingi. Nimekaa kimya maana shifti zimebana, ila hili la juzi limenifanya niandike. Kuna dada kafika mwezi huu tu kutoka Mwanza, tunapiga naye kazi usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Minnesota, sasa saa nane za usiku namkuta kasimama kwenye pipa la takataka na boksi zima la podi za kahawa, zile za K-Cup, vikopo vidogo vya kahawa ya kikombe kimoja unavyotia kwenye mashine, anataka kulitupa. Namuuliza vipi mdogo wangu, ananiambia dada hizi zimeexpaya toka mwezi wa 3, nimepewa na mwenye nyumba wangu. Nikachukua boksi nikasoma, limeandikwa 08/03. Na huu ni mwezi wa 5.

Nikamwambia we subiri. Hapa Marekani mwezi unatangulia tarehe. Hiyo sio tarehe 8 mwezi wa 3, hiyo ni tarehe 3 mwezi wa 8, kahawa ina miezi mitatu mbele yake bado. Wageni wote mnaokuja lishikeni hili, na si kwenye kahawa tu, kuna dawa kuna maziwa kuna appointimenti za hospitali, ukisoma kwa macho ya nyumbani utatupa vizima na utakunywa vilivyopita.

Na hata kama ingekuwa imepita kweli, ile tarehe sio ya sumu. Sheria ya serikali kuu ya hapa hailazimishi tarehe kwenye vyakula isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga, hizo nyingine kiwanda kinaweka chenyewe kukwambia kwamba mpaka siku hii naamini ladha yangu bado iko vizuri. Podi nyingi zinapewa kama miezi 8 mpaka mwaka mmoja toka zimepakiwa. Kahawa iliyokaangwa ni kavu, karibu haina maji, vijidudu havina pa kuotea, kwa hiyo iliyopita tarehe kwa mwezi mmoja haitakuumiza tumbo, itakupa tu kahawa iliyolala. Isipokuwa zile zenye maziwa ya unga ndani, cappuccino sijui chokoleti, hizo usizivumilie kwa sababu maziwa yana mafuta yake na yanashika unyevu haraka, ukitikisa podi ukasikia unga umegandamana kama jiwe hiyo achana nayo.

Sasa mimi nimezaliwa Bukoba, kwenye kahawa kabisa, na nilivyofika huku nikaona kikombe kinatoka kwenye kidude cha plastiki kidogo kuliko ngumi nilijiuliza sana hii inawezekanaje. Maana kwetu tunajua kahawa inavyokaa. Kahawa ya maganda, ile tunda zima limekaushwa juani, inakaa. Bibi yangu alikuwa anaianika kwenye jamvi, mvua ya Bukoba mnaijua haipigi hodi, wingu likitokea ziwani watoto wote mbio tunakunja jamvi. Halafu jioni anachota konzi moja anaitikisa karibu na sikio, anasema bado haijalia. Kesho tena, bado haijalia. Siku punje zikigonga ndani ya ganda, ka-ka-ka, ndo anasema sasa hii imekauka itieni kwenye gunia. Na gunia halikuwekwa chini kwenye udongo wala kuegemezwa ukutani, liliwekwa juu ya magogo, katikati ya chumba, hewa ipite chini. Hapo inasubiri mpaka chama cha msingi kifungue kununua, hata miezi, na haina neno.

Ukiikoboa muda unapungua. Ukiikaanga unaongelea wiki chache. Ukiisaga ndo basi, ndani ya siku kadhaa ile harufu tamu imeondoka, maana umeivunja vunja na kila chembe inakutana na hewa. Kwa hiyo podi imebeba kahawa katika hali yake dhaifu kuliko zote, iliyokaangwa na kusagwa, kama gramu 10 hivi, halafu inaambiwa ikae mwaka. Siri yake ni kwamba wakati wa kufunga wanaifukuza hewa ya kawaida kwa naitrojeni halafu wanabandika foili juu. Oksijeni inabaki kidogo sana, mafuta ya kahawa hayaharibiki haraka. Plastiki yenyewe huwa inapitisha hewa kidogo kidogo, ndo maana nyingi zimewekewa tabaka jingine katikati la kuizuia, na zile za alumini kama za Nespresso ndo zinaziba kabisa. Nilivyoelewa hilo nikaacha kuiona podi kama kikombe, nikaanza kuiona kama lile ganda la bibi. Ganda likipasuka mali imekwenda.

Na mimi mali imenienda, tena nyingi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta podi zimeshushwa bei nikabeba maboksi mawili ya podi mia mia, chumba nilichopanga hakina nafasi nikayaweka gereji, ile ya kuegeshea gari. Baridi ikapita, huku kwenye gereji isiyo na hita inafika chini ya sifuri kwa miezi, halafu likaja joto la mwezi wa 7 na milango imefungwa, ukiingia mle unahisi umeingia kwenye oveni. Boksi la pili nikalifungua mwezi wa 8. Tarehe ilikuwa bado kabisa. Nikaweka kikombe, kahawa ikatoka nyeusi vizuri, nikanusa, harufu ya mafuta ya karanga yaliyolala kwenye kikaango. Nikajaribu nyingine, hivyo hivyo. Nikaangalia foili zake kwa karibu, baadhi pembeni gundi imeinuka, unaweza kupitisha ukucha. Joto na baridi vinavyopishana vinavuta na kuachia ile foili, na joto lenyewe linaharakisha mafuta kuharibika. Podi 90 na ushee nikazitupa, na nilikuwa nahesabu kila dola ya kutuma nyumbani kwa ada ya mdogo wangu, iliniuma.

Nikapata na funzo jingine kwenye pipa la mizigo. Wengi tunatuma pipa nyumbani kwa meli, ndani nguo, viatu, sabuni. Nikamwekea mama podi za aina ile inayooza yenyewe ukishaitupa, ambazo chini hazina plastiki ni kama kitambaa cha chujio, nikamwelekeza achane atie kwenye birika maana mashine ya huku ni ya volti 120 ukiichomeka kwenye umeme wetu inaungua. Zile zinakuja kumi na kitu kwenye mfuko mmoja, na kinachozuia hewa ni mfuko sio podi. Mimi nilikuwa nimeshaufungua mfuko nikaonja mbili. Pipa limekaa baharini na bandarini karibu miezi mitatu, pembeni ya sabuni ya unga. Mama akanipigia, mwanangu kahawa hii mnaifulia? Aliinywa hivyo hivyo kikombe kimoja asinivunje moyo, mimi nasikia kwenye simu anavyoimeza.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, na yule dada nimemwambia hivi hivi. Podi zinakaa kwenye kabati la chini jikoni, mbali na jiko, mbali na dishiwosha, sio juu ya friji maana pale juu kuna joto la mashine, na sio kwenye kile kistendi kizuri kinachozunguka pembeni ya dirisha, hicho naweka za wiki hii tu. Friji na friza hapana, ukiitoa inatokwa jasho na unyevu ni adui mkubwa, na podi haikuhitaji baridi toka mwanzo. Boksi silitupi kabla podi hazijaisha, maana mara nyingi tarehe iko kwenye boksi tu, ukimwaga zote kwenye kikapu huna tena pa kusoma, au nachukua makapeni naandika mwezi juu ya foili. Za mfuko mmoja nikishafungua nazihamishia kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana na nazimaliza ndani ya wiki mbili. Natumia kopo la kahawa ya Tanica nililokuja nalo, mfuniko wake bado unashika.

Kabla ya kuiweka kwenye mashine naibonyeza foili kwa kidole gumba. Ikivimba kidogo usiogope, kahawa iliyokaangwa inatoa gesi yake yenyewe. Ikiwa imebonyea, ina tundu, au unasikia harufu ya kahawa kabla hujaifungua, basi na hewa imeshapata njia. Na iliyotumika itoe mle ndani siku hiyo hiyo, hiyo sasa ina maji na joto na inaota ukungu haraka, tumeshaitoa moja pale kazini baada ya wikiendi ina manyoya ya kijani.

Lile boksi la dada tumelifungua usiku ule ule. Nikaitikisa podi moja sikioni kwake, unga ukapita huku na huku mwepesi kama mchanga mkavu, akacheka akaniuliza dada unasikiliza nini. Nikamwambia imelia hiyo, tia maji.